Taa ya Kuazima

"Huyu hatawasha hata kibiriti."

Ndivyo alivyosema mwenyekiti wa kijiji chetu mbele ya mkutano, mimi nikiwa nimekaa safu ya pili na diploma yangu ndani ya bahasha. Watu walicheka. Mwenye duka, ambaye hakuwahi kupoteza nafasi ya kunisema, aliongeza kwamba kama kweli nimesoma Ulaya basi ni Ulaya hii, kijiji cha njia ya Mikumi, chenye mihogo na mbu, si ile ya ng'ambo. Mama mmoja akauliza kama diploma inapalilia. Wakacheka tena.

Kicheko kile nimekaa nacho miaka yote hii. Wengi waliocheka wamekwisha kufa, na waliobaki wanajidai walikuwa upande wangu.

Niseme wazi nilivyofika pale, maana hakuna aliyenisukuma. Baba yangu alikuwa katekista milimani juu ya Munisagara, na alichoniachia ni Kitabu cha Sala na viatu visivyonitosha. Nilikata mkonge Kilosa ili nilipe ada. Nilifanya mtihani nikiwa na vidonda vya miiba mikononi, nikawashinda watoto wa makarani, nikapelekwa Chekoslovakia kusomea umeme wa magari. Miaka mitatu. Nilirudi na diploma, kabuti moja zito na mkoba wa bisibisi. Katika wilaya nzima sikumjua mtu mwingine mwenye karatasi kama ile, na mpaka leo sijamjua.

Niliporudi nilikuta watu wetu wameteremshwa kutoka milimani wakapangwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara ya Kilosa na Mikumi, upande huu wa Ulaya. Nyumba zilikuwa kwenye mistari. Kila mtu mzima alipimiwa ekari moja ya mahindi, na ilikuwa lazima uilime kwa mkono wako. Mkutanoni niliomba kitu kimoja tu: stoo tupu iliyoachwa na shamba la mkonge, niifanye karakana. Nilitaka nitengeneze mashine za kusaga, matrekta, redio, chochote chenye waya. Nilisema hayo yatakifaa kijiji kuliko ekari yangu moja.

Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Ndugu fundi, pikipiki ya zahanati haina taa. Iwashe. Mganga aende Mikumi, arudi usiku salama. Ukiweza, stoo ni yako. Ukishindwa, jembe."

Pikipiki ile ilihitaji taa kwa sababu ya barafu. Chanjo ya surua ililetwa Mikumi na gari lililopita barabara kuu jioni. Ilikaa ndani ya boksi la barafu, na barafu ile haikustahimili jua la mchana wa bonde letu. Ilibidi mganga aipokee jioni na kusafiri nayo usiku. Lakini pikipiki ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, iliyoachwa na meneja wa mkonge alipofunga virago, na taa yake ilikuwa ya volti sita. Ilimulika kama koroboi. Mganga alikuwa analala Mikumi, anaondoka asubuhi, na anafika na maji ya uvuguvugu. Chanjo inamwagwa. Mwaka uliotangulia surua ilikuwa imewapitia watoto wa kijiji kile, na makaburi yalionekana ukiwa barabarani.

Kazi yenyewe niliijua kabla sijaigusa. Globu mpya ya volti sita isingetosha. Pikipiki ilipaswa kuhamishiwa volti kumi na mbili, kama gari. Dainamo ile ile, ikizungushwa kwa kasi, ingeweza kutoa umeme huo, mradi ipate katauti ya gari, yaani kile kisanduku kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri. Nilihitaji betri, katauti, waya mnene na globu. Madukani hapakuwa na kitu. Kilosa nzima nilizunguka nikarudi na skrubu mbili.

Basi niliazima. Padri wa misheni alikuwa na betri ya gari aliyoitumia kwa redio yake. Aliitoa, na redio ikanyamaza. Mwenye duka alikuwa na pikapu iliyokaa juu ya mawe bila magurudumu. Alinipa katauti na waya baada ya kuniambia mara tatu kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya watoto, si kwa ajili yangu. Mfugaji mmoja wa bondeni alinipa ukanda mrefu wa ngozi ya ng'ombe wa kufungia betri nyuma ya kiti. Huyu aliniuliza taa itamulika mbali kiasi gani. Nikamwambia itafika zizini kwake. Akasema, "Basi ng'ombe watajua kuwa umepita. Usiniharibie ngozi."

Globu niliipata kwa mzee aliyekuwa dereva wa meneja yule wa mkonge. Aliishi peke yake kwenye chumba cha mwisho cha laini za manamba, zile nyumba za vibarua wa mkonge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyetoka kwa Wazungu?"

"Ndiye mimi."

"Wanakula nini siku hizi?"

"Viazi."

"Hawajabadilika." Akaingia ndani, akatoka na kopo la kakao. Ndani ya kopo, katikati ya pamba, ilikuwamo globu ya Landrova, ya volti kumi na mbili, haijawahi kuwashwa. Alikuwa ameitunza miaka yote hiyo kwa gari ambalo lilikwisha kuondoka. Aliishika kwa kitambaa, hakutaka vidole viiguse.

"Na ule mguu wa hasi wa betri," akaniuliza, "utaufunga wapi?"

"Kwenye bodi, mzee. Kama magari yote."

"Magari yote ya nani? Pikipiki ile ni Mwingereza wa zamani, bodi yake inakaa na chanya. Hasi ndiyo inayopanda juu."

Nilicheka. Sikumcheka kwa ubaya, nilicheka kama anavyocheka mtu aliyefanya mtihani wa jambo lenyewe. "Mzee, hayo ni mazungumzo ya madereva. Mimi nimeyasomea."

Alinitazama kidogo, akafunga kopo, akanikabidhi. "Haya. Wewe ndiye mwenye cheti."

Nilifanya kazi siku nne ndani ya stoo ile ambayo tayari nilikuwa naiita karakana yangu. Nilivuta waya mpya wote, nikaufunga vizuri kuliko ulivyofungwa kiwandani. Siku ya tano, saa kumi jioni, nilimwita mwenyekiti, mganga na yeyote aliyetaka kuona. Tulifunga milango, giza likaingia, nikawasha. Ukuta wa mwisho wa stoo ukawa mweupe, na popo wakatawanyika. 

Kulikuwa na jambo moja. Juu ya taa palikuwa na kipimo kidogo chenye mshale: ukilala kulia, betri inalishwa, ukilala kushoto, betri inaliwa. Nilipowasha taa bila injini, mshale ulilala kulia. Betri inalishwa na nini wakati injini imezimwa? Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni angejiuliza. Mimi nilisema moyoni kwamba fundi fulani wa zamani, asiyesoma, aligeuza waya wa kipimo. Nikafunga mkoba wangu.

Mganga alikuwa amekaa dawati moja nami shule ya misheni. Aliondoka mchana akiwa na imani nami, akarudi siku ya pili, jua la saa sita, akiisukuma pikipiki. Akina mama walikuwa wamekaa mbele ya zahanati na watoto tangu asubuhi. Alifungua boksi, akamwaga maji chini, akawaambia waende nyumbani. Waliondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alipita mbele yangu.

"Taa ilikwenda vizuri mpaka karibu na Ulaya," alinieleza. "Kisha ikawa nyekundu, kisha ikazima. Lakini mshale ulikuwa kulia njia nzima. Nilikuwa nautazama, nafurahi."

Mwenyekiti hakupandisha sauti. Alisema tu, "Jembe, Ndugu fundi," na jioni ile ile akaning'iniza kufuli kwenye mlango wa stoo.

Nililima. Sikuwa nimeshika jembe tangu siku za mkonge, na sasa nilikuwa nalishika huku watu wakisimama njiani kunitazama. Vijana walinisalimia, "Habari ya chuo, bwana diploma?" Mama yangu alinitilia mpini mpya. Wiki ya pili, mikono ilipoacha kutoka damu, nilikwenda laini za manamba.

Ni vigumu kuandika hivi hata leo. Nilimwamkia yule mzee nikiwa nimesimama chini ya ngazi, sikupanda.

"Marahaba," akasema. "Imekula betri?"

"Imekula."

"Na katauti imeungua midomo?"

"Imeungua."

Hakunisuta. Angenisuta ningesikia nafuu. Alichukua fimbo yake, tukaenda zahanati, akaniambia nivue tangi la mafuta. Chini ya tangi, kwenye kipande cha waya wa zamani kilichobaki kimeshikiliwa na bolti kwenye chuma, palikuwa na tone la rangi nyekundu, limefunikwa na vumbi na grisi. Alilipaka mwenyewe siku za meneja, ili asisahau kwamba chanya ndiyo inayokaa na chuma. Mimi nilikuwa nimevuta waya wangu mzuri juu yake bila kufuta vumbi. Kwa hiyo dainamo na betri vilikuwa vinapigana badala ya kusaidiana, na mshale, uliokuwa unasoma kila kitu kinyume, ulimwambia mganga betri inalishwa wakati inaliwa.

Tulichaji betri kwa trekta la shamba la jirani, tukageuza miguu yake. Nilisugua midomo ya katauti, pale vyuma vinapogusana, kwa msasa. Kisha mzee akaniambia dainamo nayo ifundishwe upya njia yake, kwa kuigusisha waya wa betri kidogo tu. "Gusa uachie," alisema, "kama unaonja uji wa moto." Chuoni tulilisoma jambo hilo kwa ukurasa mzima wenye mchoro. Nilikuwa nalijua. Hilo ndilo lililoniuma: nililijua, na nilingoja mtu asiyejua kusoma aniambie.

Safari iliyofuata mganga alirudi kabla ya jogoo wa kwanza, na asubuhi akina mama walisikia vipande vya barafu vikigongana ndani ya boksi. Watoto walichanjwa, wakalia, na mimi nikasimama pembeni nikisubiri kuitwa. Niliitwa mkutanoni Jumamosi.

"Kijiji kinashukuru," alisema mwenyekiti. "Ndugu fundi amelipa kosa lake."

"Na stoo, Ndugu Mwenyekiti?"

"Stoo imejaa mbolea. Na wewe mwenyewe ulishindwa mara ya kwanza, tulikubaliana hivyo mbele ya watu."

 Kisha nikasema kwamba vile vifaa ni vya kuazima, na wenyewe wanavihitaji. Kijiji kinunue vingine au nivifungue nirudishe. Padri alikuwa ameshanitumia ujumbe mara mbili kuhusu redio yake.

"Kilichofungwa kwenye mali ya kijiji ni mali ya kijiji," akasema mwenyekiti, na katibu akaandika.

"Niliazima mimi. Watanidai mimi."

"Basi ungewaambia unaazimia kijiji."

Mwenye duka, ambaye katauti yake ilikuwa imetaifishwa mbele ya macho yake, hakumgeukia mwenyekiti. Alinigeukia mimi. "Mimi sikukipa kijiji," alisema. "Nilikupa wewe. Na nilijua sitaiona tena."

Kuanzia siku ile nilikuwa mtu anayedaiwa na watu wanne. Walisema sitalipa maisha. Kama sikuweza kupata globu moja Kilosa, ningepata wapi betri?

Niliipata Mikumi. Siku za wiki nililima ekari yangu, kwa sababu mgambo walipita kuhesabu migongo. Jumamosi jioni nilidandia lori lolote linalokwenda barabara kuu, na Jumapili nzima nilikaa kando ya lami na mkoba wangu wa bisibisi. Malori ya Zambia yalipita pale usiku na mchana, na kila lori la tatu lilikuwa na taa mbovu au dainamo iliyokufa. Madereva walipoona ninavyotafuta hitilafu kwa globu ndogo na nyaya mbili, nikaipata wakati mafundi wengine wa pale barabarani bado wanafungua boneti, walianza kuniulizia. Sikutaka fedha. Nilisema, "Nilipe kwa kifaa." Mmoja alinipa katauti, mwingine waya, mwingine globu mpya ya volti kumi na mbili ndani ya boksi lake. Betri ilikuwa ngumu zaidi. Dereva aliyekuwa nayo alikuwa anaelekea Mbeya kwenye baridi, na alilitazama kabuti langu muda mrefu. Nilimvulia. Lilikuwa ndilo peke yake lililoonyesha kwamba nimepata kukaa mahali penye theluji.

Nilingoja mavuno ili nilipe wote siku moja. Nilitaka waone. Mama alinikumbusha kwamba kwetu kitu cha kuazima hakirudi kitupu. Hata sahani ya jirani hurudi na kitu ndani yake. Kwa hiyo ekari niliyoilima kwa hasira ilikobolewa na kusagwa, na mama akafunga unga mafungu manne.

Asubuhi ile, nikiwa naweka vitu kwenye tenga, mganga akaja.

"Fundi, globu imekatika. Barabara imeitikisa mno. Na gari la chanjo linapita leo jioni."

Akaiona ile mpya, ndani ya boksi lake, juu ya unga.

"Niazime hiyo," akasema. "Safari hii tu."

"Hiyo si yangu. Ni ya mzee."

"Mzee atangoja wiki moja."

"Na mimi nitasemwa wiki moja zaidi. Mwambie mwenye mali. Si alisema ni ya kijiji? Kijiji kinunue globu."

"Watoto si wa mwenyekiti," akasema.

 Nilijitwika betri kichwani juu ya kata, nikashika tenga, nikatoka. Nimejieleza jambo hili mara nyingi, kwa sababu zote nilizokuwa nazo, na zilikuwa sababu za kweli. Nilikuwa nimedhulumiwa stoo. Nilikuwa nimetoa kabuti langu. Hakuna mtu katika kijiji kile aliyewahi kusema kwamba ninadaiwa mimi kwa sababu ya watoto wao.

Padri aliipokea betri, akaiunganisha na redio pale pale, akanishukuru bila kuniuliza nimeipataje. Mwenye duka alipokea waya, akaigeuza katauti, akaitafuta kasoro, hakuiona, akatazama fungu la unga.

"Huu wa ekari yako?"

"Wa ekari yangu."

"Kumbe diploma inapalilia," akasema. Hakutabasamu, na nilimshukuru kwa hilo. Mfugaji nilimpelekea ukanda mpya wa ngozi niliopata Mikumi, akauvuta kwa nguvu mara mbili, akasema ule wa kwanza ulikuwa bora, kisha akanipa maziwa.

Nilifika laini za manamba alasiri. Mzee alilifungua lile boksi, akaitazama globu kwenye mwanga wa mlango.

"Hii si ile."

"Ile imekatika leo, mzee. Hii ni mpya. Ina nguvu kuliko ile."

"Imekatika leo?" Akanitazama. "Kwa hiyo pikipiki haina taa."

"Haina."

"Na gari la Mikumi?"

"Ni leo."

 Nilingoja aseme kwamba deni limekwisha, maana hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa nimeifuata siku nzima. Alitoa kopo la kakao, akaiweka globu kwenye pamba, akafunga kifuniko. "Nimepokea," alisema. "Na mwambie mama asante kwa unga."

Nikaaga. Nilipita kwanza kuoga mtoni, nikavaa shati langu la mahafali nililokuwa nimelibeba makusudi, na kurudi kijijini kwa njia kubwa ili nionwe. Mtu yeyote angeweza kuniuliza nadaiwa na nani. Hakuna aliyeuliza. Karibu na zahanati nilimwona yule mzee akija kutoka upande wa pili kwa hatua zake ndogo, fimbo mkono mmoja, kopo kwapani. Mganga alikuwa amesimama mlangoni amekwisha kuvaa koti la safari, pikipiki iko tayari, kioo cha taa kimefunguliwa. Akina mama wawili walimwona mzee wakasimama.

Nilisogea kando ya njia kumpisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema, akapita.